Nipasie Hiyo Naniliu

Oya, kaa hapo nikuchane kidogo. Kijiwe cha boda pale Bugomora kina lugha yake ya kazi, na neno linalopiga mzigo kuliko yote si pikipiki, si abiria, wala si hela. Ni nanii. Fundi kalala ubavu chini ya mashine, mkono kautoa nje, anasema tu, "Dogo, nipasie hiyo nanii." Dogo anamtia spana namba 14 kiganjani. Kabla hujakaa sawa, "Nanii tena!" Safari hii ni plagi, na plagi inakuja. Mara ya tatu jamaa ana kiu, na maji yanakuja. Hakuna aliyeuliza nanii ipi. Ukiuliza unaonekana wa kuja.

Sasa mchukue dogo huyo huyo, Form Four kamaliza, cheti kipo ndani ya bahasha, mkutanishe na mtu anayebonga ngeli. Mtu anyooshe kidole kuelekea boksi lile lile la spana, aseme, "Pass me that thingy." Dogo anaganda. Anapekua kichwa chote, anapitia misamiati ya Form One mpaka Form Four, thingy haimo. Anaanza kuwaza labda ni kifaa kipya kimeingia toka China. Spana anaiona kwa macho yake, kidole anakiona, ila kichwani anatafuta kamusi. Masikini hajui kwamba ameambiwa nanii!

Na usidhani ni ushamba wa lugha. Bugomora ni kata ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa toka Karagwe mwaka 2012, huko juu kabisa Kagera ambako Bongo inapakana na Uganda na Rwanda, Mto Kagera ukiwa ndio ukuta. Mwana wa pande hizo anaamka na Kinyambo nyumbani, anakutana na Kihaya sokoni, anapiga Kiswahili kijiweni, na akishuka mpaka Murongo kuvuka kwenda Kikagati, anapokewa na Kinyankole. Kinyarwanda nacho hakiko mbali. Lugha nne kwa siku moja, na hakuna anayempigia makofi. Mtu wa namna hiyo akikwama kwenye "thingy", tatizo haliko kwenye ubongo wake. Liko kwenye alichofundishwa.

Maana, cheki, kila lugha inayozunguka pale ina nanii yake. Mnyankole akimsahau mtu jina, au akitaka kumficha, anasema nanka. Mganda anasema gundi. Mnyarwanda anasema kanaka. Sisi tunasema fulani, na huyu Fulani ndiye msafiri kuliko wote. Kwao ni Uarabuni, ambako anaitwa fulan. Akavuka bahari akatua pwani yetu. Ndugu yake akaenda Hispania na Ureno enzi za utawala wa Waislamu kule, na mpaka leo Mhispania akimsengenya jirani anamwita fulano. Mturuki ana falan, Mhindi ana falana. Jamaa ana jina nchi kibao halafu hana sura. (Usimchanganye tu na Wafulani wa Afrika Magharibi, wale ni watu kweli, na ng'ombe wao ni wa kweli.)

Kwa hiyo dhana mwanetu anayo tangu hajaota meno. Kinachomchomesha ni kwamba shule ilimfundisha kimombo cha vitu vyenye majina tu. This is a pen. This is a cup. Darasa la kwanza mpaka la saba anasoma kwa Kiswahili, kimombo ni somo moja kati ya mengi, halafu Form One inafika, na kuanzia hapo biolojia, jiografia, hesabu, karibu kila kitu ni ung'eng'e. Ukifika ofisi ya mwalimu kuna kikaratasi mlangoni: No English, No Service. Sawa, mwanafunzi anajikakamua, anaanza sentensi, anafika katikati, neno linampotea. Kwa Kiswahili angesema "nanii" na safari ikaendelea. Kwa kimombo hana nanii. Anafunga breki. Kinachofuata ni kimya, darasa linacheka, na kuanzia siku hiyo dogo anaamua bora kukausha.

Kimya hicho ndicho kinachoniuma. Tunasema vijana wa vijijini hawajui Kiingereza, wakati wengi wao wanajua cha kutosha kabisa kuongea, ila hawana kiraka cha kuzibia pale neno linapotoboka. Na maneno yanatoboka kwa kila mtu. Mwaka 1966 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roger Brown na David McNeill, walilichunguza jambo hili kwa wanafunzi waliokuwa wakiongea lugha yao wenyewe ya kuzaliwa. Wakawasomea maana ya maneno adimu, wakakuta mtu neno analijua, anaweza hata kukwambia linaanza na herufi gani, ila halitoki. Limekwama kwenye ncha ya ulimi. Kama hao wanakwama kwenye lugha ya mama zao, wewe wa Bugomora unaona aibu ya nini?

Haya, tuingie mtaani kwa wenye kimombo chao. Wazungu wana mananii mpaka basi. Thingy ndiyo ya kila siku. Thingamajig ni hiyo hiyo imepuliziwa upepo. Doohickey na gizmo utazisikia zaidi kwa Wamarekani. Halafu kuna mbabe wao mmoja anaitwa whatchamacallit, na huyu ndiye anayewatoa watu kamasi. Ukiliona limeandikwa unadhani ni dawa ya minyoo. Lakini lipasue taratibu: ni "what you may call it" imetafunwa na meno ya watu wenye haraka. Ni swali zima limekunjwa likawa jina la kitu. Sasa rudi kwetu. Nanii imetoka wapi, kama si kwa swali "nani"? Tena sisi tumezidi, maana "nani" kazi yake ni kuuliza mtu, na sisi tunaivuta mkia, nanii, tunaitwisha mpaka spana.

Na hapo ndipo Kiswahili kinawaacha mbali kinoma. Thingy ya Mzungu kazi yake hasa ni kuwa jina la kitu. Naniliu yetu, ndugu yake nanii, inaingia gereji, inafungwa viambishi, inatoka ikiwa kitenzi kizima chenye gia zote. "Ile simu nimeinaniliu." "Subiri nimnaniliu mshua kwanza halafu tusepe." "Wakinaniliana hao, mimi simo." Wakati upo, mtenda yupo, mtendwa yupo, hata kutendana kumo, kilichokosekana ni tendo tu! Mwalimu wa sarufi akipata sentensi kama hiyo anaweza kuichambua ubaoni kipindi kizima, na mwisho wa kipindi hakuna ajuaye nini kilifanyika kwa ile simu.

Tuna kidude pia. Kidude, vidude, dude, madude: kikiwa kidogo kinaingia ngeli yake, kikivimba kinahamia nyingine. Aliyelibeba neno hilo dunia nzima alikuwa bibi mmoja wa Zanzibar, Fatuma binti Baraka, nyota wa taarab na unyago, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, akapewa hata tuzo ya WOMEX mwaka 2005 kwa jina hilo. Bongo Fleva nao wakalichukua likiwa kubwa: msanii akiachia ngoma kali, mtaa unasema kaachia dude. Kisha muvi ya Kimarekani inaingia na "Hey, dude!" na watoto wanajiuliza mbona jamaa anamwita mwenzake dude, au ni mnene? Maskini, kule dude ni mshkaji tu. Herufi ni zile zile nne, lakini hawajuani hata kwa salamu.

Ukizungumzia muvi, kuna mkasa wa kibanda umiza ambao kila mtaa unao kwa namna yake. Polisi wanaingia mochwari, maiti ina kikaratasi kidoleni, kimeandikwa John Doe. Wiki ijayo muvi nyingine, maiti nyingine, John Doe. Lazima atokee mtazamaji wa benchi la nyuma atakayeuliza huyu John kafa mara ngapi. Kwa taarifa yake, John Doe hajawahi kufa kwa sababu hajawahi kuzaliwa. Alitengenezwa na wanasheria wa Uingereza karne nyingi nyuma kwa ajili ya kesi za ardhi. Mtu alikuwa anashtaki kwa jina la mpangaji wa kubuni, John Doe, akimshtaki mvamizi wa kubuni, Richard Roe, ili mahakama ipate mlango wa kuamua shamba ni la nani. Waingereza wakauzika mchezo huo kwa sheria ya mwaka 1852, ila Wamarekani wakabaki na majina. Ile kesi yao kubwa ya utoaji mimba ya mwaka 1973, Roe dhidi ya Wade, huyo Roe ni wa ukoo huo huo. Mwanamke aliitwa Norma McCorvey, mahakamani akafichwa kama Jane Roe. Kwa hiyo John Doe ni Fulani bin Fulani aliyesomea sheria.

Mtu wa kawaida asiye na cheo nao wanaye. Mwingereza anamwita Joe Bloggs, na wakiwa kundi ni Tom, Dick and Harry. Hapa kwetu hatuna shida ya majina. Sisi akina yakhe. Sisi akina pangu pakavu tia mchuzi. Sisi kajamba nani. Nakwambia ukweli wangu, "kajamba nani" inamshinda Joe Bloggs kwa mbali, maana imebeba tusi, kicheko na malalamiko ya bei ya sukari kwa pamoja.

Kwa upande wa namba hakuna makubwa. Umpteen na zillion ni "kibao" na "kedekede". Za mahali zinachekesha zaidi. Mzungu akitaka kutaja mbali kusikofikika anasema Timbuktu, utadhani ni hadithi, wakati Timbuktu ni mji wa Mali wenye watu, misikiti na maktaba za karne nyingi. Na sisi tusijifanye wasafi. Mtu wa Dar akisikia Kyerwa anauliza, "Huko ndani ndani huko?" Yaani wewe msomaji wa Bugomora tayari ni Timbuktu ya mtu. Akisha kusema hivyo anakunywa kahawa, na kahawa yenyewe huenda imetoka kwenye mibuni ya mjomba wako.

Sasa kuna nanii moja ya kimombo ambayo vijana wa mpakani wanaipata bure, wala hawaijui thamani yake. Waganda wanapopiga Kiingereza chao, wakichoka kuorodhesha wanamalizia na "what what". Mtu atakwambia alikwenda kununua "beans, coffee, what what". Mwalimu wa kimombo akisikia anashika kichwa. Mimi nasikia Kiswahili kitupu. Si ndivyo tunavyosema, "Nimenunua maharage, chumvi, nini"? Si tunasema, "Kaja kunilalamikia sijui nini sijui nini"? Mwafrika Mashariki alipofika mwisho wa orodha akakuta Kiingereza kina "et cetera" iliyovaa suti, akaona bora aingize ya kwake. Uingereza na Marekani wangesema "and stuff" au "and whatnot". Ni kitu kile kile. Ukiwa Kikagati, what what inatosha na chenji inabaki.

Ukishuka Nairobi ndio utajua hujui. Sheng ina neno "form", na kazi yake ni kubeba chochote. "Form ni gani leo?" Mshamba wa Kyerwa atajibu Form Four, au ataulizia fomu zinachukuliwa dirisha lipi. Kumbe anaulizwa mpango ukoje, mchongo uko wapi. Kuna form, hakuna form, form imekufa. Halafu hao hao Wakenya wana "kitu kidogo", na hapa mzaha unaisha. Kitu kidogo ni rushwa. Mwanamuziki Eric Wainaina alikitolea wimbo mwaka 2001, na kila mtu alijua kitu chenyewe ni kipi. Angalia ujanja uliomo: aliyeomba hakutaja hela, hakutaja kiasi, hakutaja sababu. Akishikwa, kasema nini? Kasema kitu. Kwetu pia yupo wa kukuuliza, "Ina maana hujaacha chochote?" Nanii inayopitisha spana ni ya kheri. Nanii inayopitisha faili ni ya wizi, na zote mbili zinatembea kwa mtindo mmoja: wewe na mimi tunajua, basi hatutaji.

Hapo umeshaona injini yake inavyofanya kazi. Maneno haya hayana kitu ndani. Yanategemea macho, kidole, na yale mliyokuwa mkiyaongea dakika iliyopita. Ndiyo maana kwa simu yanakufa. Mpigie mtu aliyeko mjini Kayanga umwambie, "Ukija niletee ile nanii," utaletewa mkate wakati ulitaka vocha. Na ndiyo maana kwenye mzani wa kahawa huisikii nanii hata moja. Msimu ukiwa umechanganya, chama cha msingi kinapima, mkulima kasimama na macho manne, kilo ni kilo na bei ni bei. Tena kule Kagera watu wanajua vizuri maumivu ya makubaliano ya juu juu. Butura, ile ya kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa sababu shida imebana, ni biashara ambayo mkulima anapokea kidogo leo na kulia siku ya mavuno. Pesa ikishaingia mezani, mwanangu, taja kila kitu kwa jina lake.

Kuna pa kuchunga pengine. Nanii na naniliu ni pazia pia. Mambo ya chumbani, viungo vya mwili, yote yanapita humo. Sema "jamaa kamnaniliu demu wake" kijiweni uone watu watakavyoelewa, hata kama ulimaanisha kampigia simu. Kimombo ni hivyo hivyo, thing na stuff na do it zinabeba mizigo ya usiku, kwa hiyo sikiliza sauti na angalia nani anacheka. Mbele ya wazee punguza kabisa. Mzee akikutuma nanii, hiyo ni haki yake. Unaitika "naam mzee", unafuata macho yake yameangalia wapi, unaleta. Wewe kumtuma yeye nanii, jaribu halafu unipe mrejesho.

Kama bado unadhani haya ni maneno ya wahuni tu wa vijiweni, kamuulize mwalimu wa hesabu. Karne ya 9 kule Baghdad, al-Khwarizmi aliyeiweka aljebra kwenye kitabu alipokutana na namba asiyoijua aliiita shai, yaani kitu. Waitaliano wakatafsiri wakasema cosa, kitu. Mfaransa Descartes mwaka 1637 akapendelea herufi za mwisho za alfabeti, na x ikashika usukani mpaka leo. Yaani unaposhika chaki uandike "tafuta x", umeandika "tafuta naniliu", na wizara nzima imekubali! Hakuna mwanafunzi anayeambiwa ni mjinga kwa kusema x kabla hajaijua. Ndiyo kazi ya x hiyo, kushika nafasi mpaka jibu lije.

Basi wewe unayejifunza ung'eng'e, ukisikia thingy usikimbilie kamusi. Angalia mkono wa msemaji, angalia macho, kumbuka mlikuwa mnazungumzia nini. Ukisikia so-and-so au what's-his-name, ujue kuna Fulani, na mara nyingi anasengenywa. Ukisikia whatever imetupwa peke yake kwa sauti ya kuchoka, hapo hakuna kitu cha kutafuta, umeambiwa uache kusumbua. Na ukitaka kutumia mwenyewe, pima ulipo. Kwa washkaji, thingy na stuff ruksa. Kwenye usaili wa kazi, ukisema una uzoefu wa "computer and stuff", umejichoma mwenyewe, maana bosi atajua kompyuta uliiona kwa jirani.

Na nyie walimu wa kimombo wa Kyerwa na Karagwe, nawaomba kwa heshima zote, shikamooni. Form One wakiingia, wiki ile ya kwanza, kabla ya nyakati zote kumi na mbili na orodha ya vitenzi, waandikieni ubaoni "What's it called?" Waambieni hiyo ndiyo nanii yao halali, inasemeka darasani, inasemeka ofisini kwa mkuu wa shule, inasemeka mpaka kwenye usaili, na hakuna Mzungu atakayeicheka kwa sababu na yeye anaitumia kila siku. Kisha waacheni wabonge.